Skuta za sarakasi: pauni 45, 110, 190 au 350? Tulinganishe kabla hela haijatoka mfukoni

#1 Baba_Nuru (mleta uzi)

Wakuu, habarini za wikendi.

Niko Leeds, Uingereza. Kijana wangu ana miaka 11 na tangu shule zifungwe nyumbani anaonekana wakati wa kula tu. Muda wote yuko Woodhouse Moor, kwenye uwanja wa skeiti, yeye na wenzake wa darasani. Naongelea skuta ya kusukuma kwa mguu, ile ya kurukia, kuzungushia hewani na kuburuzia kwenye kingo za zege. Sio Vespa, na sio zile za betri za kukodi mjini. Nasema mapema maana najua humu kuna watu husoma kichwa cha habari tu.

Mwaka jana nilimnunulia ya supamaketi, pauni 45. Wiki ya tano usukani ukaanza kucheza. Nikakaza. Ukacheza tena. Nikakaza mpaka alenki ikala kichwa cha bolti. Mwezi wa tatu gurudumu la nyuma, ambalo kiini chake ni plastiki, likapasuka akiwa anatua, akaangukia kiwiko. Hakuvunjika, Alhamdulillah, ila mama yake mpaka leo ananiangalia kwa jicho lile lile. Nilipoirudisha dukani wakaniambia mtoto ameitumia vibaya. Boksi lenyewe lina picha ya mtoto yuko hewani!

Safari hii nimekaa wiki mbili nikisoma na kuzunguka maduka. Nilichokiona ni hiki.

Chini ya pauni 60 sirudi. Nyingi ni skuta za kwendea shule zilizovalishwa rangi za kishujaa. Kama inakunjika, basi sio ya sarakasi, mjadala umefungwa. Razor A, ile ya kukunja iliyoenea dunia nzima kuanzia mwaka 2000, ni skuta nzuri sana ya barabarani, lakini ina bawaba pale chini ya usukani, na kila ukitua bawaba inakula kishindo chote.

Pauni 90 mpaka 130 ndipo kwenye vurugu. Hapa kuna Blunt One, Chilli Base, MGP za ngazi ya chini, Slamm, Fuzion X-3 na nyingine nyingi. Blunt ndiyo ile ile Envy ya Australia, huku Ulaya inauzwa kwa jina hilo, kwa hiyo ukiona bei mbili tofauti mtandaoni usidhani ni kampuni mbili. One S3 niliikuta karibu na pauni 110.

Pauni 160 mpaka 220 kuna Blunt Prodigy, Lucky Crew, Fuzion za herufi Z na MGP za juu kidogo. Prodigy S9 niliikuta inacheza kati ya 180 na 200 kutegemea duka na rangi. Ndiyo, rangi. Ile inayong'aa kama mafuta ya dizeli yaliyomwagika kwenye maji ni ghali kuliko nyeusi, chuma kile kile.

Juu ya 300 kuna Ethic za Ufaransa, Lucky Covenant, au ujijengee mwenyewe kipande kwa kipande.

Kijana ameshachagua, bila shaka: anataka ya juu kuliko zote, kwa sababu kuna kaka mmoja pale uwanjani anayo. Ameniwekea na video za Ryan Williams, yule Mwaustralia anayejipindua hewani na skuta na BMX pia, kana kwamba tofauti ya wao wawili ni skuta.

Swali langu: thamani ya pesa iko wapi hapa? Na tofauti ya 110 na 190 ni chuma au ni stika?

#2 Mzee_wa_Mbagala

Mkuu hiyo inakula lita ngapi kwa kilomita mia?

#3 Baba_Nuru

Nilijua tu 😂

#4 Kromoli

Mleta uzi umejitahidi, wengi huja humu na picha moja na swali "hii nzuri?"

Mimi niko Northampton. Mpwa wangu anacheza Corby, Adrenaline Alley, ule uwanja mkubwa wa ndani, na mimi ndiye fundi wake kwa miaka minne sasa. Hela iliyoniponyoka kwenye hivi vidude sitaki shemeji yenu aijue. Ngoja nikujibu swali la mwisho kwanza: tofauti ya 110 na 190 ni chuma, lakini sio sehemu unayodhani.

Watu wengi huangalia ubao wa kusimamia. Ubao kwenye ngazi zote mbili ni alumini, mara nyingi ya aina ya 6061 iliyopikwa kwa joto, na kwa mtoto wa kilo 40 yote miwili itadumu. Angalia vitu vitatu vingine.

Cha kwanza ni jinsi foki (uma unaoshika gurudumu la mbele), hedseti (beringi za shingoni zinazouwezesha usukani kuzunguka) na usukani vinavyobanwa pamoja. Hapo ndipo skuta yako ya pauni 45 ilipokufa. Za bei ya chini kabisa zina foki yenye nyuzi, kama baiskeli za zamani: unakaza nati mbili, zinalegea, unakaza, zinalegea, mpaka kiama. Za maana zina moja kati ya mifumo minne. ICS, bolti inapita chini kwenye foki na kupanda mpaka kwenye nati iliyofichwa ndani ya usukani. Nyepesi, ila kurekebisha lazima utoe gurudumu la mbele. HIC, foki inavalishwa kijibomba chembamba kwa nje, na usukani lazima uwe mnene, wa milimita 34.9. IHC ni wazo lile lile, ila foki imepunguzwa unene ili usukani wa kawaida wa milimita 31.8 uingie. Na SCS, klampu kubwa ya bolti nne ambayo foki inaingia kwa chini na usukani unakaa kwa juu. Nzito kidogo kuliko nyingine, lakini ikikazwa imekazwa. Mpwa wangu ana SCS na naigusa labda mara mbili kwa mwaka.

Kwa mtoto wa miaka 11 IHC inatosha kabisa. Hata skuta za ngazi ya pauni 110 siku hizi nyingi zinakuja nayo. Ukikuta yenye nyuzi kwenye bei hiyo, ondoka.

Cha pili usukani. Uliza ni kromoli, yaani chuma cha pua-mseto kigumu kinachoandikwa 4130, au ni chuma cha kawaida. Cha kawaida sio lazima kivunjike, ila kinapinda, na ukipinda pale kwenye kiungo cha T hakuna fundi wa kuunyoosha ukarudi kuwa salama. Alumini ni nyepesi na mtoto ataipenda mikononi. Titani ni ya watu wasio na watoto.

Cha tatu magurudumu. Kiini kiwe cha alumini, hakuna mjadala, na umeshajionea mwenyewe kwa nini. Kipenyo cha milimita 110 ndiyo saizi ya kawaida. 100 ni ya wadogo, 120 inapendwa na wanaokimbia sana kwenye rampu. Upana wa 24 ulikuwa ndio huo huo kwa kila mtu, sasa zimeingia za 30. Zinakaa vizuri ukitua, lakini hakikisha foki yako ina nafasi. Na kuna kitu kipya kinaitwa 12STD, ekseli ya milimita 12 badala ya 8. Imara kweli. Ila ukinunua foki na ubao wa 12STD, magurudumu yote ya ekseli ya 8 uliyonayo hayakufai tena bila kuhangaika. Kwa mtu wa street, yaani wa mitaani, anayeruka ngazi kumi sawa, kwa mtoto wa darasa la sita ni kumuongezea baba gharama.

Zile namba za ABEC kwenye beringi zisikutie wazimu. ABEC 9 inakwambia beringi imechongwa kwa usahihi kiasi gani, haisemi itavumilia mchanga na kishindo kiasi gani.

Kwa hiyo: 190 nzuri inakupa usukani wa kromoli, magurudumu yasiyopasuka na mfumo wa kubana usiolegea. 110 nzuri inakupa viwili kati ya hivyo vitatu. Tafuta kipi kimekosekana, kisha piga hesabu ya kukinunua peke yake.

#5 Nyota_ya_Ruwi

Salaam wakuu. Mimi niko Maskati. Mwanangu ana miaka 7, kilo 22, naye amepata wazimu huo huo. Hapa tunatoka jioni tu, mchana sakafu inachoma mpaka viatu. Dukani wamenipa ya usukani mrefu wakasema "atakua nayo". Inafika kifuani kwake. Ni sawa?

#6 Kromoli

Dada Nyota, hapana, na waambie nimesema mimi. Usukani ufike usawa wa kiuno, ukizidi sana kitovuni. Ukiwa kifuani mtoto hawezi kuuvuta akaruka, na akianguka ndio unaomgonga kidevu. Usukani wa chuma unaweza kukatwa kwa msumeno, ila angalia ule mpasuo mdogo wa chini unaouwezesha kubanwa na klampu: ukikatia chini unauondoa, lazima uchongwe mwingine. Na usisahau kwamba uliokatwa haurudi kuwa mrefu.

Pia pima uzito. Skuta nyingi za sarakasi ziko kilo tatu na nusu mpaka nne. Kwa mtoto wa kilo 22 ni kama wewe ubebe mfuko wa saruji kisha uambiwe ruka. Tafuta ndogo ya watoto, ubao mfupi, magurudumu ya 100. Angalia na alama ya EN 14619, kiwango cha Ulaya cha skuta: daraja A ni kwa wenye kilo 35 mpaka 100, daraja B ni kwa wepesi, kilo 20 mpaka 50. Wauzaji wengi hawajui hata hiyo alama ipo.

#7 Nyota_ya_Ruwi

Shukran sana kaka, Mungu akubariki. Naenda kuirudisha kesho kabla stika haijatoka.

#8 Fundi_Sinza

Mimi ni fundi wa baiskeli hapa Dar, skuta hizi naletewa na watoto wa Masaki na Mikocheni ambao wajomba zao wamewatumia kutoka nje. Niongeze ya karakana.

Beringi za magurudumu ya ekseli ya kawaida zote ni 608. Ndani milimita 8, nje 22, upana 7. Hizo hizo za sketi za kuvaa miguuni na za mashine ndogo kibao. Kwa hiyo mtu asikuuzie "beringi maalumu za skuta" kwa bei ya kuku mzima. Nenda duka lolote la beringi Kariakoo, sema 608 yenye mpira pembeni, yaani 2RS, maana zenye bati ZZ vumbi la huku linaingia. Mkononi itazunguka kwa uzito kidogo kuliko ile ya maonyesho. Ikishapigwa vumbi wiki mbili utaniambia ipi bado inazunguka.

Hedseti za skuta nzuri ni ndugu na za BMX, zile za pembe 45 kwa 45. Ikianza kukoroma usitupe skuta, ni beringi mbili tu.

Ila kitu kimoja naomba mzingatie. Ubao wa alumini ukipasuka shingoni, pale panapochomelewa na bomba la mbele, USIMPELEKEE fundi wa geti akuchomelee. Alumini ile imepata nguvu kwa kupikwa baada ya kuchomelewa. Ukiichoma tena inarudi kuwa laini pembeni ya mshono, unaona imeshika vizuri, inapendeza, halafu siku ya siku inakatika kwa ghafla sentimita mbili kutoka pale ulipotengeneza. Nimeletewa mbili za hivyo. Zote nilizikataa, moja mwenye nayo aliondoka kanuna.

#9 Bei_Juu

Nyie mnamtisha mleta uzi bure. Nunua ya 350 umalize. Rahisi ni ghali, wahenga walishasema. Mimi nilimnunulia wa kwangu iliyojengwa kipande kwa kipande, mwaka wa pili huu hakuna kilichovunjika.

#10 Kromoli

Chifu Bei_Juu, wako ana miaka mingapi?

#11 Bei_Juu

17.

#12 Kromoli

Ndiyo hapo. Wa kumi na saba hakui tena urefu, anajua kama anacheza park (rampu za uwanjani) au street, na anajua upana wa ubao anaoutaka. Wa miaka 11 kufika Krismasi ya mwakani atataka usukani mrefu zaidi na ubao mpana zaidi, au atakuwa amehamia gitaa.

Kuhusu kujenga kipande kwa kipande, tuweke hesabu hadharani. Bei za kawaida kawaida za maduka ya huku: ubao 120, foki 70, usukani 70, magurudumu mawili 70, klampu 30, hedseti 25, gripu na msasa wa juu ya ubao 15. Jumla 400. Skuta nzima ya 190 ina vipande hivyo hivyo saba. Havilingani ubora, sikatai, lakini havipishani kwa mara mbili. Kampuni ikiunga skuta nzima kiwandani inanunua kwa maelfu, wewe unanunua kimoja kimoja kwa bei ya dirishani.

Ndiyo maana nawashauri watu: anza na iliyokamilika ya katikati, kila kinachokufa mbadilishie kilicho bora kuliko cha mwanzo. Baada ya mwaka unajikuta una skuta ya 350 na hukuwahi kutoa 350 kwa mkupuo.

#13 Bei_Juu

Na hela ya kila kipande umeihesabu? Mimi nimetoa mara moja, nimelala usingizi.

#14 Kromoli

Kwa mtu mzima nakubaliana na wewe. Kwa mtoto anayekua, hapana.

#15 Otis_wa_Ngong

Niaje wasee. Hapa Nairobi tuna shida tofauti. Uwanja upo, Shangilia kule Kangemi, wengi wako na skateboard lakini skuta pia unaziona. Shida ni kwamba duka la kuuza kipande kimoja kimoja sijaliona. Ukiagiza nje, ushuru wa forodha, VAT asilimia 16, na usafirishaji, skuta ya pauni 110 inafika ikiwa imeshakuwa ya 190 bila kubadilika rangi. Sasa kwetu "badilisha kinachokufa" inakuwa ngumu kiasi. Mngenunua gani?

#16 Fundi_Sinza

Ndugu Otis, huku ni VAT 18, tusilie peke yetu. Kwa sisi wa huku mimi ningesema nunua yenye viungo vya kawaida kabisa: ekseli ya milimita 8, magurudumu ya 110 kwa 24, hedseti ile ya BMX, usukani wa chuma wa 31.8. Sio kwa sababu ni bora kuliko zote, ila kitu kikifa utakipata kwenye duka la beringi au kwa fundi wa baiskeli. Mtoto mmoja aliletewa ya 12STD, nzuri hatari, beringi ilipokufa amekaa miezi miwili anasubiri mjomba aje likizo.

Na mjomba akija, mwambie abebe magurudumu mawili ya akiba na bolti za ekseli. Hayachukui nafasi kwenye sanduku kuliko yale mashampoo.

#17 Mwana_wa_Goma

Jambo bandugu. Mimi niko Goma, nasoma tu na kucheka. Munaongea skuta ya pauni mia tatu, sisi huku tuko na chukudu. Yote ni mbao, hata magurudumu ni mbao, tunayavalisha mpira wa tairi ya zamani ya gari. Inateremka toka Kibumba na viazi, makaa, kabichi, kilo mamia, na mwenyewe amesimama juu. Breki ni kipande cha mpira, unakanyaga na mguu, njo vile hata hiyo yenu. Sanamu yake ya rangi ya dhahabu iko katikati ya mji, pale kwenye mzunguko.

Sasa kwa thamani ya pesa: chukudu inamulisha mwenyewe. Ya mtoto wako wewe njo unailisha.

#18 Baba_Nuru

Mkuu wa Goma hapo umenimaliza 😂 Sina jibu. Nimemsomea kijana, anauliza chukudu inaweza kuzungushwa hewani?

#19 Mwana_wa_Goma

Mwambie aje ajaribu, na aje na mama yake awe anaangalia.

#20 Msukuma_wa_Corby

Nimechelewa uzi huu. Mimi nauza na kununua zilizotumika kila wikendi, niwape siri ambayo watu wa maduka hawataipenda. Soko la mkononi la skuta huku Uingereza ni zuri kwa mnunuzi kuliko la karibu kitu chochote ninachokijua. Mtoto anapewa Prodigy kwa Krismasi, anaicheza miezi minne, anahamia baiskeli, baba anataka nafasi gereji. Inauzwa nusu bei, mara nyingine chini ya hapo.

Lakini kagua, na ukague mchana. Igeuze juu chini, angalia mshono wa shingo kwa upande wa chini, ndipo ufa unapoanzia, mwembamba kama unywele. Pitisha ukucha: mkwaruzo ni laini, ufa unakwaruza. Kisha angalia nyuma pale ekseli inapopita kwenye ubao, pande zote mbili. Omba klampu ifunguliwe utazame mpasuo wa chini wa usukani, kama umeanza kuendelea kupanda juu, ondoka. Hakikisha usukani haujapinda: simama nyuma, linganisha na gurudumu la mbele. Halafu inyanyue sentimita kumi uidondoshe. Nzuri inatoa mlio mmoja mfupi. Ikitoa milio miwili, kuna kitu kimelegea, na inaweza kuwa hedseti tu ya pauni kumi na mbili, punguza bei kwa hiyo sababu.

Msasa ulioisha, gripu zilizochanika, rangi iliyokwanguka chini ya ubao, hayo ni makovu tu, yasikutishe. Tena mimi hupenda iliyokwanguka, muuzaji anaona aibu ya kutaja bei kubwa.

Magurudumu usiyaamini hata kama yanaonekana mazima. Weka bajeti ya mapya.

#21 Mama_Pili

Naomba kuuliza, jamani, mbona ukurasa mzima hakuna aliyetaja helmeti? Mnapima mshono wa shingo ya skuta, shingo ya mtoto je?

#22 Kromoli

Umetufumania dada. Iwe na alama ya EN 1078, kiwango cha Ulaya cha helmeti, ikae chini kwenye paji la uso, mikanda ikazwe kidole kimoja tu kipite. Na ikishapigwa kishindo kikubwa inabadilishwa hata kama haina ufa. Mpwa wangu helmeti yake ilikuwa ya pauni 30, na ndiyo kitu pekee kwenye seti nzima ambacho sijawahi kukijutia bei.

#23 Baba_Nuru

Wakuu narudi na mrejesho baada ya wiki mbili.

Nilienda madukani na daftari lenye vitu vitatu vya Kromoli. Kwenye ngazi ya 110, kati ya nne nilizozishika, mbili wauzaji hawakujua usukani ni chuma gani, mmoja alisema "chuma imara". Nikamwambia hata nondo ni chuma imara.

Nikageukia soko la mkononi. Jumamosi nimepata Prodigy, toleo la nyuma sio S9, kwa mama mmoja, mwanawe kahamia mpira. Alitaka 110, kwenye jaribio la kudondosha ikatoa milio miwili, tukamalizana kwa 85. Shingo safi, nyuma safi, usukani umenyooka. Chini imekwanguka kama imeburuzwa toka Leeds mpaka Bradford. Magurudumu mapya yenye kiini cha alumini 38, hedseti 12. Jumla 135. Helmeti mpya nimeihesabu pembeni kwa amri ya mama mwenye nyumba.

Kijana alinuna dakika kumi kwa sababu sio ile inayong'aa. Kisha akaipanda. Jana kanionyesha ameuzungusha ubao mzunguko mzima na kuudaka kwa miguu yote miwili, mara moja kati ya majaribio arobaini hivi, na hiyo moja nimeshaiangalia kwenye simu mara nyingi kuliko nilivyotegemea.

Tatizo nililonalo sasa: nataka kubadilisha hedseti, bolti ya kubana iliyo juu ndani ya usukani imegoma kabisa. Nadhani mwenye nayo wa kwanza alitia gundi ya nyuzi za bolti, ile ya kuzuia isilegee. Alenki imeanza kuteleza na nimeshaijua hii sinema.

#24 Fundi_Sinza

Simama hapo hapo usizidishe. Alenki yako imelika ncha, ndiyo inayoteleza. Kata milimita tatu za mbele kwa tupa au grainda upate kona mpya, au nunua mpya nzuri ya chuma kigumu. Kabla hujaingiza, pasha joto ile bolti kwa ncha ya pasi ya kulehemu, au hata mashine ya kukaushia nywele, dakika tano mpaka kumi. Gundi ya nyuzi ikipata joto inalegea. Kisha gonga alenki iingie mpaka mwisho, ndio uzungushe, taratibu, bila kurusharusha mkono.

#25 Baba_Nuru

Mashine ya nywele ya mama Nuru, dakika nane. Imetoka. Asante sana fundi, nimeirudisha mahali pake kabla hajarudi kazini.

#26 Mzee_wa_Mbagala

Sawa, lakini mkisema ekseli milimita 8, ile baiskeli ya mjukuu wangu ya magurudumu matatu si inaingia hizo beringi?

#27 Fundi_Sinza

Mzee wangu, ilete Sinza tuipime.